Gurudumu Linalotetemeka: Asili ya Ugonjwa na Tiba Yake

Wasikilizaji wetu, na nyinyi msomao maneno haya kijijini au darasani, leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo karibu kila mtu aliyepanda motokaa amelionja. Gari laenda vizuri, abiria wanaongea, mara usukani unaanza kucheza mikononi mwa dereva, vioo vinagongana na fremu zake, na sakafu yanguruma chini ya miguu. Mmoja husema, "Ni barabara hiyo." Mwingine husema, "Ni uzee wa gari." Dereva naye hukaza mikono, akaendelea na safari yake.

Sisi twasema kwamba gurudumu linapotetemeka linatoa habari, na mwenye kujua historia yake huweza kuisoma habari hiyo. Tena historia hiyo ina mafundisho, maana hata mainjinia wakubwa walipata taabu nalo miaka mingi kwa sababu walishika dalili wakaiacha asili. Basi na tuanze tangu mwanzo.

Gurudumu ni kitu cha kale mno. Watu wa Mesopotamia walikuwa nalo zaidi ya miaka 5000 iliyopita, nalo lilikuwa mbao nene zilizounganishwa zikachongwa mviringo. Baadaye likaja gurudumu lenye njiti, kisha la njiti lililozungushiwa ukanda wa chuma. Katika muda huo wote lilivutwa na ng'ombe, punda au farasi. Hakuna gurudumu la mbao lililokuwa mviringo kamili, wala lenye uzito sawa pande zote. Walakini hatusikii kwamba watu wa zamani walilalamika juu ya kosa hilo. Walilalamika juu ya mashimo na mawe ya njia, basi.

Sababu yake kila mtoto aliyecheza pia aijua. Chonga pia iliyopinda kidogo, uizungushe polepole kwa vidole, hutaona kosa lolote. Ipige kwa kamba iende kasi, ndipo utakapoiona inayumba na kurukaruka. Kosa lilikuwamo tangu siku ilipochongwa; mwendo ndio uliolitoa nje. Ndivyo lilivyo gurudumu. Wenye magari ya ng'ombe hawakuwa na magurudumu bora kuliko yetu, ila walikwenda polepole.

Karne ya 19 ilileta mambo mawili yaliyobadili hali hiyo: mpira na injini. Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipata hati ya serikali kwa njia yake ya kupika mpira pamoja na kiberiti, hata usiyeyuke kwa joto wala kukauka kwa baridi. Mwaka uliofuata, 1845, Robert William Thomson, mtu wa Scotland, alipata hati kwa gurudumu lenye mpira uliojazwa upepo na kufunikwa kwa ngozi. Mwaka 1847 magari ya farasi yenye magurudumu hayo yalijaribiwa katika bustani ya Regent's Park, London, yakaenda kimya na kwa wepesi. Lakini mpira ulikuwa ghali, na haja ya kitu hicho ilikuwa ndogo, kwa hiyo habari zake zikasahauliwa.

Miaka 40 ikapita. John Boyd Dunlop, naye mtu wa Scotland, alikuwa mganga wa wanyama mjini Belfast. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu iliyomgongagonga juu ya mawe ya mji. Baba akatengeneza mipira yenye upepo, akaifunga juu ya magurudumu, na mwaka 1888 akapewa hati. Baadaye hati hiyo ilibatilishwa kwa sababu Thomson alikuwa ametangulia, lakini safari hii watu hawakusahau tena. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliingia katika mashindano ya motokaa kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi, gari lao likiwa na mipira ya upepo. Mipira ilitoboka mara nyingi sana njiani. Hata hivyo walikwisha onyesha kwamba motokaa yaweza kubebwa na upepo.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kugeuza magurudumu ya mbele. Karl Benz wa Ujerumani alipojenga motokaa yake iliyopata hati mwaka 1886, aliipa magurudumu matatu tu, kwa sababu alikuwa hajapata njia njema ya kugeuza mawili ya mbele. Katika gari la farasi mhimili wote wa mbele hugeuka juu ya msumari mmoja wa katikati. Njia nyingine ilikuwako tangu Rudolph Ackermann alipoiandikisha mjini London mwaka 1818, nayo ni kulipa kila gurudumu la mbele egemeo lake, liweze kugeuka peke yake huku likiunganishwa na mwenzake kwa fimbo. Benz naye akaitumia njia ya namna hiyo katika motokaa yake ya magurudumu manne ya mwaka 1893. Njia hiyo ni njema, na magari ya leo yaifuata. Lakini angalieni: gurudumu lililopewa ruhusa ya kugeuka peke yake limepewa pia nafasi ya kutikisika peke yake. Neno hili tutalirudia.

Motokaa za kwanza, hata hivyo, hazikuwa na mbio za kutoa aibu hiyo nje. Katika nchi zetu twao mfano mwema. Tarehe 10 Agosti 1907 askari Mjerumani jina lake Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyojengwa kwa ajili yake, akikusudia kuvuka Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Hiyo ni safari ya kilomita zipatazo 9500 kwa siku 630, yaani wastani wa kilomita 15 kwa siku, mwendo ambao mtu wa miguu aweza kuushinda. Taabu za safari kama ile zilikuwa mito, matope, mchanga na kukosa barabara. Tetemeko la mwendo wa kasi halikuwa na nafasi ya kuja.

Nafasi hiyo ikaja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Barabara za Ulaya na Marekani zilitengenezwa vizuri, injini zikapata nguvu, na watu wakataka mbio pamoja na raha. Kwa ajili ya raha, kampuni ya Firestone ilitoa mwaka 1923 mipira minene yenye upepo mchache, laini kama mto wa kulalia. Kwa ajili ya salama, breki zikawekwa katika magurudumu ya mbele pia, maana zamani motokaa nyingi zilikuwa nazo nyuma tu. Mambo yote mawili yalikuwa mema. Lakini yalipokutana katika gari moja, ugonjwa mbaya ulitokea. Gari likifika mwendo fulani, magurudumu ya mbele yalianza kujigeuza kushoto na kulia kwa haraka, usukani ukapigapiga mikono ya dereva, na mhimili wa mbele ukarukaruka upande huu na upande huu. Waamerika wakauita ugonjwa huo shimmy, jina la dansi ya siku zile iliyochezwa kwa kutikisa mabega.

Mafundi walifanya nini? Wengi walifanya lile ambalo lingemjia mtu yeyote kwanza: walikaza. Kama usukani wacheza, ukaze usicheze. Wakaongeza msuguano katika viungo vya usukani, wakafunga vizuizi, wakabadili springi. Tetemeko likatulia kidogo kwa mwendo huu, likaibuka kwa mwendo ule. Tena usukani uliokazwa ukawa mzito, nao haukurudi wenyewe baada ya kona. Walikuwa wamemziba mgonjwa mdomo asikohoe, na pafu likabaki lile lile.

Mabadiliko yalikuja watu walipoacha kuuliza, "Tulizuieje?" wakauliza, "Lazaliwa wapi?" Mwaka 1925 Mfaransa Georges Broulhiet alieleza kwamba mpira laini ukisukumwa upande hauendi sawasawa kule unakoelekezwa, bali huteleza kidogo kwa pembeni. Basi mpira wenyewe ulikuwa sehemu ya ugonjwa.

Sehemu nyingine ilikuwa mhimili mmoja mrefu uliounganisha magurudumu yote mawili ya mbele. Wanafunzi waweza kulijua jambo hili kwa jaribio dogo. Chukua gurudumu la baiskeli, ushike mhimili wake kwa mikono miwili, mwenzako alizungushe kwa kasi. Kisha jaribu kuliinamisha upande. Utaona lajigeuza kushoto au kulia kama lenye ukaidi, ingawa hukulitaka ligeuke. Hiyo ni tabia ya kila kitu kizungukacho kwa kasi. Sasa fikirini gari lenye mhimili mmoja mbele. Gurudumu la kushoto lapanda jiwe, mhimili wainama, magurudumu yote mawili yainama pamoja nao, na kwa kuwa yanazunguka kwa kasi, yote mawili yanajigeuza. Mpira laini unayarudisha, nayo yanapita kiasi, yanajigeuza upande wa pili, na mhimili unainama tena. Kila mtikiso wausukuma ujao, kama mtu asukumaye bembea kwa wakati wake.

Ikiwa hiyo ndiyo asili, tiba yake ni kuyatenga magurudumu ya mbele, kila moja lipande na kushuka kwa mikono yake lenyewe bila kumwinamisha mwenzake. Vincenzo Lancia wa Italia alikuwa ameyatenga katika gari lake Lambda tangu mwaka 1922. Huko Marekani aliyeshindania jambo hilo sana alikuwa Maurice Olley, injinia aliyetoka kampuni ya Rolls-Royce akaingia Cadillac mwaka 1930. Katika magari ya mwaka 1934 Cadillac ilitoa magurudumu ya mbele yaliyotengwa, na kwa miaka iliyofuata magari madogo karibu yote ya dunia yalifuata. Usukani haukuwa na haja ya kukazwa tena. Ugonjwa uliokataa nyundo na spana kwa miaka kumi ulipona ulipoguswa mahali pake.

Hata hivyo malori mengi, na magari mengi ya kupita porini, bado yana mhimili mmoja mbele, kwa kuwa una nguvu. Kwa hiyo ugonjwa wa zamani waweza kurudi humo viungo vinapochakaa. Dereva wa gari la namna hiyo akipita juu ya shimo, kisha usukani ukaanza kupigana naye na usiache mpaka apunguze mwendo, ajue kwamba anaona lile lile waliloliona watu wa mwaka 1924.

Sasa tuje kwenye tetemeko la pili, ambalo ndilo la kila siku: uzito usio sawa. Kila mtu ajua kombeo. Ukiweka jiwe dogo na kulizungusha, lavuta mkono wako, na kadiri unavyozidisha mwendo ndivyo linavyovuta zaidi. Mwendo ukiwa mara mbili, mvuto huwa mara nne. Fanyeni hesabu hii darasani. Gurudumu lina futi moja kutoka kati mpaka ukingo, na mahali pamoja pa ukingo pamezidi kwa wakia moja tu, yaani gramu 28 hivi. Gari likienda maili 25 kwa saa, wakia ile huvuta kwa nguvu ya ratli mbili na nusu. Likienda maili 50, sawa na kilomita 80, huvuta kwa nguvu ya ratli 10, juu, mbele, chini na nyuma, karibu mara 12 katika kila sekunde. Kitu ambacho mtoto hawezi kukipima mkononi chaupiga mhimili kama nyundo.

Njia ya zamani ya kutafuta uzito huo ni nyepesi. Inua gurudumu kwa jeki, hakikisha breki hazilishiki, lizungushe taratibu liache lisimame lenyewe. Likisimama mara tatu na mahali pale pale chini, hapo ndipo pazito. Weka kipande cha risasi upande wa pili, jaribu tena, mpaka likubali kusimama popote. Siku hizi vipande vingi ni vya zinki au chuma, maana risasi ni sumu. Lakini njia hii haitoshi kwa gurudumu pana. Laweza kuwa na uzito upande wa ndani, na uzito mwingine ulioelekeana nao upande wa nje. Likisimama, mizani ni sawa; likienda mbio, layumba. Kwa hiyo kazi ya kubalansi magurudumu, kama mafundi wasemavyo, hufanywa kwa mashine inayolizungusha gurudumu na kupima pande zote mbili.

Kabla ya kwenda huko, tazama matope. Tope lililokauka ndani ya rimu huzidi wakia nyingi. Magari mengi yaliyopita njia ya vijijini wakati wa masika hupona kwa maji na brashi.

Ikiwa historia hii imetufundisha neno, ni hili: uliza kwanza, kisha shika spana. Maswali ni machache. La kwanza, ni wakati gani? Tetemeko linalokuja kwa mwendo fulani, likapungua ukiupita, kwa kawaida ni la uzito usio sawa. Linaloonekana hata polepole, gari likiyumba kama bata, ni la rimu iliyopinda au mpira uliovimba. Linalokuja unapokanyaga breki tu ni la diski au ngoma za breki zilizoharibika uso. Linalokuja unapokanyaga mafuta, likaacha unapoachilia, tafuta katika propela na viungo vyake. Swali la pili, ni wapi? Likiwa katika usukani, anza na magurudumu ya mbele. Likiwa katika kiti na sakafu, anza na ya nyuma. Swali la tatu, ni tangu lini? Kama ni tangu jana ulipobadili gurudumu, jibu liko karibu.

Baada ya maswali, macho na mikono. Gurudumu likiwa juu, na gari likiwa limezuiliwa vizuri kwa magogo, weka kijiti karibu na ukingo, ulizungushe: kijiti kitaonyesha palipopinda. Lishike juu na chini ulisukume. Likicheza, tazama beringi na viungo vinavyobeba gurudumu. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, tazama pia fimbo za usukani na ncha zake. Pitisha kiganja juu ya mpira utafute uvimbe. Mpira uliovimba nyuzi zake zimekatika ndani, nao hauna dawa ila kuondolewa.

Na barabara je? Ni kweli, barabara pia yatetemesha. Matuta madogo ya njia za udongo, yanayofuatana kama mbavu, huzaliwa na magurudumu yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Australia, Keith Mather alizungusha gurudumu juu ya njia ya mchanga iliyo tambarare kabisa, akaona matuta yakijitengeneza: gurudumu hugusa kilima kidogo, laruka, latua na kuchimba, na lifuatalo larudia vivyo hivyo. Lakini kuitofautisha kazi ya barabara na ya gurudumu si vigumu. Tetemeko la barabara hubaki barabarani ufikapo penye lami. La gurudumu lafuatana nawe.

Tumesema tetemeko ni habari. Na habari nyingine haingoji kesho. Tuliwahi kusafiri katika lori lililochukua wanafunzi kwenda mashindano ya michezo. Asubuhi gurudumu la nyuma lilibadilishwa kwa sababu ya kutoboka. Baada ya mwendo wa saa moja sakafu ilianza kutetemeka, kidogo kwanza, kisha zaidi, wala haikujali kama twaenda upesi au polepole. Dereva akasema ni njia. Utingo, mtu mzima aliyekuwa ameketi pamoja na watoto, akagonga bodi kwa kiganja na kusema, "Mwanangu, njia hii ni ile ile ya juzi. Simama." Walipotazama, nati mbili hazikuwapo, zilizobaki zageuka kwa vidole, na matundu ya rimu yalikuwa yamelika. Mbele yetu palikuwa na mteremko wenye kona. Watoto walicheza mpira jioni ile bila kujua lolote.

Basi wenye magari washike sheria hii: futa matope na kutu kabla ya kufunga gurudumu, kaza nati kwa kuvuka, moja na ya upande wa pili, usizifuate kwa mviringo, kisha baada ya kilomita 50 hivi simama uzikaze tena. Na tetemeko linalozidi kwa kila maili lisibishaniwe, maana hilo huenda likawa la nati au beringi.

Nanyi msio na gari mna haki ya kusema. Abiria aliye kimya na dereva anayekaza usukani wako katika lori moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa nyingine zaonekana kwa macho, hii yasikika kwa viganja na kwa nyayo, nayo yatosha kumwambia dereva kwa heshima, "Tafadhali, tusimame tutazame."

Kwaherini, na safari njema.